Jiwe la Kupimia Paka

Mimi ni fundi mizani. Kazi hii nilijifunza mwenyewe, kwa kuifungua mizani mbovu ya muuza unga mmoja na kushindwa kuifunga kwa siku tisa. Siku ya kumi ilifungika, ikabaki skrubu moja mkononi ambayo ninayo mpaka leo, na tangu hapo, huu mwaka wa ishirini na sita, sijafanya kazi nyingine. Wauza nyama, wauza unga, wanunuzi wa vyuma chakavu, hata kliniki ya watoto wachanga, wote huniita mshale unapoanza kusema uongo.

Kazi yenyewe ina kanuni moja, na nitaieleza mapema kwa sababu ndiyo iliyonitia matatani. Huwezi kuiuliza mizani kama inasema kweli. Lazima kwanza uipe kitu ambacho uzito wake unaujua. Sisi tunakiita jiwe, ingawa langu ni la shaba, linalala kwenye sanduku lenye kitambaa, na halishikwi kwa mkono mtupu. Unaweka jiwe la kilo moja. Mizani ikisema kilo moja na robo, basi ina robo ya uongo, na robo hiyo unaiondoa. Mawe yenyewe nayapeleka kila mwaka yakapimwe kwa mawe ya serikali, napewa karatasi yenye muhuri, nalala usingizi.

Niliwahi kukutana na muuza nyama ambaye jiwe lake lilikuwa limelika miaka kumi na tisa bila kupelekwa popote. Nilipomwambia limepungua, alikasirika. Alisema mizani za mji mzima zimeharibika, yake tu ndiyo nzima. "Jiwe langu halipimwi," aliniambia, kisu mkononi. "Lenyewe ndilo linalopima." Sikubishana naye. Nilimuaga, nikaenda kucheka mtaa wa pili.

Nyumbani tuko watatu na paka. Kuna mimi, kuna mke wangu, ambaye ni mshonaji na cherehani yake iko chumba cha mbele, na kuna mama yake, aliyehamia kwetu miaka mitatu iliyopita akiwa na sanduku, redio, na paka dume wa kijivu aitwaye Hakimu. Jina hilo alilipata kwa namna anavyomtazama mtu anayeingia mlangoni, kama aliyekwisha kulisoma faili lake.

Mwaka huu Hakimu alianza kunywa maji. Sisemi kulamba, nasema kunywa. Bakuli lilikuwa linakauka kabla ya saa nne, kisha anakwenda kukaa bafuni chini ya bomba, anasubiri zamu yake. Chakula anakula kama mtu anayesafiri kesho, na bado anakonda. Mimi humpima kila mwezi kwenye mizani ya jikoni. Alikuwa kilo sita na robo, akawa nne na nusu. Mama mkwe alipoiona namba hiyo alizima redio, na Mama mkwe hazimi redio.

Tukampeleka kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mwenye buti za mpira ambaye siku zake nyingi hupita kwenye mazizi na mabanda ya kuku. Alimtoa Hakimu damu, akarudi baada ya dakika chache.

"Ana kisukari."

"Paka?" mke wangu aliuliza.

"Paka."

"Sukari ameitoa wapi?" Mama mkwe alisema. "Hata chai hanywi."

Daktari alitupa kichupa cha insulini, mabomba madogo ya sindano, na mashine ya kupimia sukari kama ile wanayotumia watu. Uniti moja asubuhi, uniti moja jioni. Akanionyesha pa kutoboa, kwenye ukingo wa sikio, penye mshipa mwembamba kama uzi. Nipime saa kumi na mbili na nusu kabla hajala, nipime tena saa saba mchana, niandike.

"Kwa nini asipimiwe hapa?" nikauliza.

"Hapa ana hofu, na hofu inapandisha sukari ya paka. Nataka namba za nyumbani. Jumamosi ijayo njoo na daftari, nitaangalia kama niongeze dozi au nipunguze. Nikizidisha, anaweza kuzimia asiamke. Nikipunguza, atakwisha taratibu mbele ya macho yenu. Ikitokea imeshuka sana, mpakeni asali kwenye fizi mnipigie simu. Lakini sikilizeni: mimi nitafuata daftari. Daftari likisema uongo, na mimi nitakosea."

Mama mkwe alinigeukia. Katika miaka mitatu chini ya paa langu hajawahi kuniomba kitu. Alinishika mkono wa shati.

"Mwanangu, wewe ndiye mtu wa vipimo humu ndani. Huyu ndiye aliyebaki kwenye nyumba yangu ya zamani. Nakuachia."

Nikasema nimepokea. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilikuwa nimepokea kwelikweli.

Jumapili, saa kumi na mbili na robo, meza ya jikoni ilikuwa tayari. Nilitandika kitambaa cheupe. Nilipanga pamba, sindano, vijiti vya kupimia, taa ya kufanyia kazi, na daftari nililolipiga mistari kwa rula. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda, Hakimu mapajani mwake amefungwa taulo, kichwa tu nje. Mke wangu alisimama mlangoni amejiziba macho kwa futi ya kushonea. Yeye haoni damu. Sindano ya cherehani ikimchoma, huniita nije kuiangalia kwa niaba yake.

"Haya, anza," alisema Mama mkwe.

"Siwezi kuanza, Mama. Mashine haijakaguliwa."

"Si mpya hiyo? Jana tu umepewa."

"Mpya ndizo za kuogopa. Hazijawahi kukamatwa."

Nilihitaji jiwe. Nilihitaji damu ambayo sukari yake inajulikana. Nilimtazama mke wangu.

"Usinisogelee na hilo lisindano lako," alisema kutoka nyuma ya futi.

Nikamtazama Mama mkwe, kwa heshima.

"Damu yangu si ya majaribio. Nina miaka sabini na moja. Iliyobaki nina kazi nayo."

Nikabaki mimi. Nina miaka hamsini na minne, sijawahi kulazwa, jino moja tu ndilo nililong'olewa. Karatasi ya ndani ya boksi ilisema mtu mzima mwenye afya, kabla ya kula, huwa kati ya nne na tano na nusu hivi. Nikajiandikia tano kamili, sikutaka kujipendelea. Nikajitoboa kidole, nikagusa kijiti.

Mashine ikasema kumi na nne nukta tatu.

"Mnaona?" nikasema. "Inazidisha tisa nukta tatu. Na hii ingekwenda moja kwa moja kwenye sikio la Hakimu."

Mke wangu alishusha futi kidogo, jicho moja likatokea.

"Labda ni wewe."

"Mimi nini?"

"Labda ni wewe mwenye sukari."

"Mama watoto, mtu mwenye sukari si anajua?"

Futi ikapanda tena. Nikaandika kwenye safu ya kwanza, niliyoipa jina Jiwe: 14.3. Safu ya pili, Kosa: 9.3. Kisha nikamwendea Hakimu.

Kumtoboa paka sikio si kazi ngumu. Kazi ni tone. Tone la kwanza alilitikisa likatua kwenye kitambaa. La pili lilitua kwenye miwani yangu. La tatu nililikamata, huku Mama mkwe akimnong'oneza paka wake, "Tulia, mwanangu, ni kidogo tu," na Hakimu akinitazama bila kupepesa, kama anayeandika hukumu akilini.

Kumi na tisa nukta moja. Nikatoa tisa nukta tatu. Tisa nukta nane.

"Yuko juu kidogo tu," nikatangaza. "Anaendelea vizuri."

Mama mkwe alimbusu Hakimu kwenye paji la uso. Mimi nilikwenda kunywa maji. Nilipogeuka na jagi mdomoni, Hakimu alikuwa miguuni pangu kwenye bakuli lake, naye kafikisha nusu.

"Mnakunywa kama ng'ombe wawili," mke wangu alisema.

Nikamweleza kuhusu vumbi la shaba. Mtu akishinda anapiga tupa, koo linakauka, ni jambo linalojulikana. Alisema Hakimu hapigi tupa. Nikasema Hakimu ni mgonjwa.

Kusema kweli, mwaka huu nilikuwa na maelezo mengi. Mkanda wangu niliutoboa matundu mawili mapya, kwa kuwa ngozi hutanuka kwa joto. Choo niliamkia mara tatu, kwa kuwa maji nimeyanywa. Na ile mizani ya bafuni, mwezi uliotangulia, nilikuwa nimepanda juu yake ikaniambia kilo sabini na tatu. Mimi ni kilo themanini na moja. Nimekuwa themanini na moja kwa miaka kumi na miwili, wakati mwingine nilijitumia kuhakikisha mizani za magunia kabla sijashusha mawe yangu kwenye baiskeli. Kwa hiyo niliigeuza ile ya bafuni, nikakaza skrubu ya chini mpaka iliposema themanini na moja. Asubuhi hiyohiyo Mama mkwe alipanda, akashuka, akavua kandambili, akapanda tena. Tangu siku hiyo alikuwa anarudisha jikoni nusu ya sahani yake. Niliona, lakini sikutaka kumuuliza mkwe wangu mambo ya tumbo lake.

Jumatatu jiwe lilisoma kumi na tano kamili. Jumanne, kumi na nne nukta sita. Kosa lilikuwa linacheza, na katika mizani kosa linalocheza ni springi iliyochoka. Nikapanda baiskeli mpaka duka la dawa. Aliyekuwa kaunta ni binti mpole mwenye kalamu nyuma ya sikio.

"Nataka mashine ya sukari ya kampuni nyingine. Niliyo nayo inazidisha."

"Umejuaje, baba?"

"Nimejipima mimi mwenyewe kwanza."

"Kwani una kisukari?"

"Sina."

"Ulipimwa lini?"

"Sijawahi kupimwa. Nikapimwe cha nini, na sina?"

Alinitazama kidogo, akaitoa kalamu nyuma ya sikio, akairudisha. Kisha akaniletea boksi.

Mashine ya pili ilinisoma kumi na nne nukta nane. Mashine mbili, viwanda viwili tofauti, zimekubaliana. Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi niliandika pembeni ya daftari, kwa mwandiko mzuri: *Kasoro ni ya mashine za aina hii zote.* Nikapiga mstari kwa rula.

Jumatano ndiyo siku ambayo nikiikumbuka hushika tama. Asubuhi jiwe lilisoma kumi na tano nukta sita, kwa hiyo kosa la siku lilikuwa kumi nukta sita. Hakimu alichomwa sindano yake, akala, akalala kwenye mabaki ya vitambaa chini ya cherehani. Saa saba nikampima. Mashine ikasema tisa nukta mbili. Nikatoa.

Nikatoa tena. Nikageuza karatasi nikatoa upya.

"Vipi?" Mama mkwe aliuliza.

"Mama, ngoja kwanza."

"Mwanangu, vipi?"

"Iko chini ya sifuri. Kwa moja nukta nne."

Cherehani ilisimama chumba cha mbele.

"Chini ya sifuri," alirudia Mama mkwe polepole. "Yaani imemwisha?"

"Imemwisha na kupita."

Sijui kama mtu anaweza kueleza kilichofuata kwa utaratibu, ila nitajaribu. Mama mkwe alipiga ukelele. Mke wangu alikuja mbio na chupa ya asali, futi ikining'inia shingoni. Mimi nilimpigia daktari, simu ikapokelewa na msaidizi wake akasema daktari mkono wake wote uko ndani ya ng'ombe anayezaa, nipige baadaye. Nikaweka simu, nikamshika Hakimu taya, mke wangu akamimina, Mama mkwe akasugua fizi. Hakimu, ambaye nadhani hakuwa amejisikia vizuri namna ile wiki nzima, alikuwa ameamshwa usingizini na watu watatu wanaolia ili apakwe asali. Alimstahi Mama mkwe. Mke wangu alimkwaruza. Mimi aliniuma kidole gumba, akakiachia, akanitazama, akakiuma tena. Tulipomaliza alikuwa amenata kwenye taulo, na taulo limenata kwenye shati langu, na ilibidi mshonaji alete mkasi.

Nikapima. Kumi na sita kamili. Nikatoa kumi nukta sita. Tano nukta nne.

"Amerudi!" nikasema.

Mama mkwe alinikumbatia, na hajawahi kunikumbatia hata siku ya harusi. Daktari alipopatikana simuni, kwa sauti ya mtu aliyechoka, nilimwambia ilishuka lakini imekaa sawa. Aliuliza ilishuka mpaka ngapi. Nikasema mpaka chini kabisa. Akasema basi sindano ya jioni hiyo niiruke, nimwangalie, kesho nianze tena. Hiyo ya kesho sikuifuata. Kwa nini nimchome mnyama ambaye namba zake ni nzuri? Nilikiweka kichupa nyuma ya friji, nikajiona nimemwokoa paka wa mkwe wangu kwa hesabu ya kutoa.

Alhamisi Hakimu hakuja jikoni. Alikuwa chini ya bomba. Ijumaa asubuhi jiwe lilisoma kumi na saba nukta mbili, na mashine ilimsoma Hakimu ishirini na nne. Nikatoa kumi na mbili nukta mbili. Nikapata kumi na moja nukta nane. Mama mkwe alikuwa amemshika bila taulo. Hakuhitaji tena taulo.

"Mwanangu, namba zinasema hajambo."

"Amepanda kidogo, lakini si vibaya, Mama."

"Sasa mbona hawezi kupanda kiti?"

"Namba hazijui habari za kiti," nikamjibu.

Jibu hilo lilinikera hapohapo lilipotoka mdomoni. Nilikwenda kunywa maji ili lishuke.

Jumamosi tulitoka bila kunywa hata chai. Kwenye kliniki palikuwa na mtu mmoja tu mbele yetu, mfugaji wa kuku mwenye jogoo ndani ya kapu, na daktari alipomwona Hakimu alimwomba yule mfugaji asubiri. Tukaingia wote, mfugaji naye akasimama mlangoni na kapu lake, maana mlango haukuwa na komeo.

Daktari alimpima Hakimu kwa mashine yake ya ukutani. Ishirini na tano nukta tatu. Akafungua daftari langu, akaligeuza, akalisogeza karibu na dirisha.

"Hapa umeandika kumi na moja. Jana."

"Hiyo ni baada ya kuondoa kosa la mashine. Na hii yako ya ukutani, samahani, Daktari, nayo inazidisha. Ni ugonjwa wa mashine hizi zote."

"Na hapa Jumatano umeandika paka ana sukari chini ya sifuri."

"Ndiyo."

"Hiyo haipo."

"Hata mimi nilishangaa."

Alipitisha kidole kwenye safu ya kwanza, taratibu, kutoka juu mpaka chini. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba.

"Baba, jiwe ni nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kama ninavyowaeleza wateja wangu: kitu unachokijua, halafu unakipa mizani, halafu unaondoa uongo. Mfugaji mlangoni alitikisa kichwa kwa kukubali.

"Nimeelewa," alisema daktari. "Sasa jiwe lenyewe ni nani?"

"Ni mimi."

Daktari aliliweka daftari mezani. Hakucheka, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

"Na wewe jiwe, ulipimwa lini mara ya mwisho?"

"Daktari, jiwe halipimwi," nikasema. "Lenyewe ndilo—"

Nilikuwa nimeisikia sauti yangu, na haikuwa yangu. Ilikuwa na kisu mkononi.

Kisha mke wangu, mwanamke ambaye hajawahi kuangalia damu maishani mwake, alifumba macho, akanyoosha kidole mbele kama mtu anayepapasa gizani.

"Nipime mimi, Daktari. Haraka kabla sijaghairi."

Tano nukta mbili.

"Na mimi," alisema Mama mkwe. "Lakini usichukue nyingi."

Tano nukta sita. Daktari akajitoboa mwenyewe: nne nukta tisa. Mfugaji alitua kapu, akasema haya, kama tumeanza basi na yeye, na yeye akawa tano nukta nne. Akauliza kama na jogoo anaweza kupimwa, akaambiwa siku nyingine. Watu wanne, mashine ileile ya ukutani, na hakuna hata mmoja aliyezidishiwa.

Nikatoa kidole changu. Kumi na saba nukta nane.

Nimepima mawe ya watu miaka ishirini na sita. Najua sura ya mtu anapoambiwa jiwe lake limelika. Kwanza anaitazama mizani, halafu anakutazama wewe, halafu analitazama jiwe. Nilivitazama vyote kwa zamu, mwisho nikakitazama kidole.

"Labda ni hofu," nikasema. "Si ulisema hofu inapandisha sukari?"

"Ya paka, baba."

Mama mkwe alimtazama Hakimu mezani, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo mgonjwa ni huyu au huyu?"

"Wote wawili, Mama," alisema daktari, na tayari alikuwa anavuta insulini kwenye bomba. "Huyu mdogo anabaki hapa kwangu, nimwekee maji ya mshipa. Amekaukiwa, lakini mmemleta kwa wakati. Mngengoja mpaka kesho ningeongea mengine. Huyu mkubwa simtibu mimi. Mpelekeni kwa daktari wa watu. Leo, si kesho."

Nilimwambia Mama mkwe anisamehe. Nilitaka kusema zaidi, kwamba alikuwa ameniachia kitu kimoja na nimekitoa-toa mpaka karibu kiishe, lakini koo lilikuwa kavu. Alilitengeneza kola la shati langu, kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda kupigwa picha.

"Twende hospitali kwanza," alisema. "Utaomba radhi ukiwa mzima."

Njiani mke wangu ndiye aliyebeba daftari.

"Nilikuambia Jumapili," alisema.

"Uliniambia."

"Uliniandika safu gani?"

"Sikukuandika."

Tulipofika kwenye lango la hospitali akanishika mkono, na hakuuachia hata nilipotolewa damu. Alifumba macho tu.

Hakimu alirudi nyumbani Jumatano, mnyonge lakini na dharau yake yote. Mimi nilirudi na vidonge, karatasi ya vyakula, na amri ya kutembea kila jioni. Jambo la kwanza nililofanya ni kuipindua mizani ya bafuni na kuilegeza ile skrubu. Kesho yake Mama mkwe alipanda, akashuka, akapanda tena, akatoka bafuni bila kusema neno, na mchana akaomba aongezewe chakula. Sikumweleza. Niliona nimekwisha kukiri makosa ya kutosha kwa mwezi mmoja.

Jambo la pili, nilitafuta jiwe jipya. Mke wangu ndiye jiwe sasa. Nilimpeleka maabara ya hospitali wakampima, wakatupa karatasi yenye muhuri, nimeibandika ukutani juu ya jagi, na mwakani itarudiwa. Yeye anasema katika miaka yote ya ndoa hajawahi kusifiwa namna hiyo.

Kutoboa kumehamia kwa Mama mkwe, baada ya mkutano ambao mimi sikualikwa. Saa kumi na mbili na nusu tunakaa wawili mezani, mimi upande huu, Hakimu upande ule juu ya kigoda chake. Anaanza paka, kwa kuwa ndiye aliyeugua kwanza. Leo asubuhi alikuwa saba nukta nane. Mimi nilikuwa tisa nukta sita. Daktari wa watu anasema nashuka vizuri, lakini nimeona jinsi Hakimu anavyonitazama namba yangu inaposomwa.

Mkono wangu bado unajivuta sindano inapokaribia, nikiri tu. Mtu akishazoea kupima miaka ishirini na sita, hajui namna ya kuwa upande wa pili.

"Tulia, mwanangu, ni kidogo tu," Mama mkwe ananiambia, kwa sauti ileile.

Kisha anafuta tone, anaandika namba zote mbili kwenye daftari, safu mbili, hakuna kutoa. Anachukua kibakuli chenye vipande vidogo vya nyama ya kuchemsha, anampa Hakimu kimoja kwa kuwa hakuuma. Na mara zote, mawazo yakiwa kwenye redio, anachukua kipande cha pili ananiwekea mimi mdomoni.

Nakitafuna. Si kibaya, ila hakina chumvi.